Bei Si Kadhi wa Ladha

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wahenga waliosema hayo walikuwa wakilizungumzia soko walilolijua, soko la mtu na kapu lake. Katika duka la vileo la Marekani methali hiyo hupinduka miguu juu. Huko kizuri mara nyingi huwekwa rafu ya chini, jirani na sakafu, na anayekitaka hana budi kuinama. Kile kijitembezacho ndicho kisimamishwacho usawa wa macho, kimepambwa kama bwana harusi, na bei yake imeandikwa kwa tarakimu zinazomwambia mnunuzi, kabla hajauliza, kwamba hicho ndicho bora. Naye mnunuzi huamini. Huamini si kwa kuwa ameonja, bali kwa kuwa amesoma.

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Hoja yenyewe ni kwamba katika kuhukumu ladha, bei, jina na umri ni mashahidi tu, tena mashahidi wa kusikia. Kadhi ni ulimi pamoja na pua, na kadhi asiyeisikiliza kesi mwenyewe hana haki ya kutoa hukumu. Ushahidi unatoka Kentucky, katika kinywaji kiitwacho burboni, na hasa katika burboni ya bei nafuu yenye nafaka ya rai kwa wingi. Maana hiyo ndiyo inayoonewa zaidi na mahakimu wa siku hizi.

Wapo wasomaji wa mwambao watakaouliza kuna nini hata pombe ya Kentucky ijadiliwe katika kurasa za mashairi. Swali lao ni la haki. Walio wengi visiwani hawanywi, nao hawaombwi wanywe hata tone. Hukumu ya dini iko pale pale ilipo, haipunguzwi wala haipindwi. Lakini wanazuoni wangapi wameyasoma mashairi ya mvinyo ya Abu Nuwas, yule malenga wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, nao wenyewe hawaujui mvinyo hata kwa harufu? Na Ibn al-Farid wa Misri, aliyefariki mwaka 1235, si aliutunga mvinyo kuwa mfano wa mapenzi ya Mola, na waja wakalisoma shairi lake kwa machozi? Mtu anaweza kuichunguza hukumu bila ya kukigusa kilichohukumiwa. Na kinachochunguzwa hapa ni hukumu.

Kwanza kijulikane kinachohukumiwa. Sheria ya Marekani inataka burboni itengenezwe nchini humo, kwa mchanganyiko wa nafaka ambao mahindi yake hayapungui asilimia 51. Ikenekwe isizidi asilimia 80 ya kilevi, itiwe katika chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichounguzwa ndani hadi kuwa makaa, na iingiapo humo isizidi asilimia 62.5. Ikitiwa chupani isipungue asilimia 40. Haitiwi rangi wala kionjo chochote. Mwaka 1964 Baraza la Kongresi la nchi hiyo liliitambua kuwa ni bidhaa ya Marekani peke yake.

Mahindi ndiyo yaletayo utamu. Sehemu iliyobaki hugawanywa baina ya kimea cha shayiri, ambacho husaidia kuugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate cha kula, na nafaka ya tatu, ambayo aghalabu ni rai na mara nyingine ni ngano. Ngano hupoza, rai huchangamsha. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano na shayiri, na katika kinywaji huleta ukali ukaribianao na pilipili manga, mdalasini na majani ya mnanaa. Burboni nyingi huwa na rai kiasi cha sehemu kumi hivi katika mia. Zile ziitwazo za rai nyingi hufika ishirini, thelathini, hata thelathini na tano. Hapa pana mtego wa kwanza wa maneno: sheria haikuweka mpaka wa "rai nyingi". Muuzaji yeyote aweza kuyabandika maneno hayo chupani, na mnunuzi hana kipimo cha kumwekea ila ulimi wake.

Sasa ziletwe chupa mbili. Ya kwanza inaitwa Old Grand-Dad, maana yake babu mzee, nayo ina karatasi ya rangi ya chungwa yenye sura ya mzee. Ya pili inaitwa Basil Hayden, nayo imevishwa kanzu ya karatasi na kufungwa ukanda wa madini wenye herufi B. Ya kwanza, hata ile iliyo na asilimia 50 ya kilevi, kwa miaka mingi iliuzwa Marekani chini ya dola 30. Ya pili ina asilimia 40 tu, na bei yake imekuwa juu ya mwenzake kwa tofauti isiyofichika. Mwenye kuzitazama ataapa kwamba moja ni mtumishi na nyingine ni bwana wake.

Hao ni watu wa nyumba moja. Zote mbili hutoka kwa Jim Beam, na nafaka zake ni zile zile: mahindi sehemu 63, rai 27, kimea cha shayiri 10. Hata jina ni moja. Mwaka 1882 Raymond Hayden alijenga kiwanda chake cha kukeneka huko Kentucky, akakiita kinywaji chake Old Grand-Dad kwa kumuenzi babu yake. Na babu huyo ndiye Basil Hayden, ambaye sura yake ndiyo iliyomo katika karatasi ile ya chungwa. Mwaka 1987 wenye Jim Beam walikinunua kinywaji hicho pamoja na mapishi yake, na mwaka 1992 wakatoa chupa ya pili, safari hii kwa jina kamili la babu. Basi babu ni yule yule. Alipoitwa "babu" akawekwa rafu ya chini. Alipoitwa kwa jina lake na kufungwa ukanda, akapandishwa juu.

Mtetezi wa chupa ya juu atasema kwamba mapishi kuwa mamoja hakutoshi. Mapipa huchaguliwa, na umri hutofautiana. Hoja hiyo ina ukweli wake. Chupa ya Basil Hayden ilikuwa imeandikwa miaka 8, na huo ni umri wa heshima kwa burboni. Lakini katikati ya muongo wa 2010 maandishi hayo yaliondolewa. Jina likabaki, ukanda ukabaki, na bei haikuteremka kwa kuondoka kwake. Chupa ya chungwa ya asilimia 50, kwa upande wake, ina neno moja lisiloweza kuandikwa bila ya kutimiza masharti ya sheria, nalo ni neno la dhamana.

Neno hilo lina historia. Katika karne ya 19 wachuuzi wa Marekani walikuwa wakichukua pombe kali isiyo na umri, wakaitia rangi na vionjo vya kila namna, na kuiuza kwa jina la wiski kuukuu. Waliokeneka kwa uaminifu walilalamika, mmoja wa waliopaza sauti akiwa Kanali E. H. Taylor wa Kentucky, na mwaka 1897 ikapitishwa sheria ya dhamana. Kwa sheria hiyo kinywaji kiandikwacho neno hilo sharti kiwe kazi ya kiwanda kimoja katika msimu mmoja, kilazwe si chini ya miaka minne katika ghala lenye usimamizi wa serikali, na kitiwe chupani kikiwa na asilimia 50 barabara. Katika duka zima la maneno ya kupamba, "teule", "adimu", "ya mkono", "ya urithi", ambayo hayamfungi mtu kwa lolote, neno hilo moja lina mzigo. Ajabu ni kwamba aghalabu hupatikana katika chupa za bei nafuu, na mahakimu hulipita bila ya kulisalimu.

Ipo na hesabu, na hesabu haina upendeleo. Chupa ya Marekani ina mililita 750. Chukua chupa ya asilimia 50, ongeza maji sehemu moja kwa kila sehemu nne, na kilevi hushuka hadi asilimia 40. Kinywaji nacho huongezeka hadi kukaribia mililita 940. Anayenunua chupa ya asilimia 40 amenunua pamoja nayo maji yaliyotiwa na mwenye kiwanda, na ameyanunua kwa bei ya burboni. Maji si dhambi, na wapo watakao kinywaji chepesi. Lakini wepesi ulioletwa na maji usiuzwe kana kwamba umeletwa na ufundi.

Baada ya hayo yote, lililobaki ni kuonja. Kuonja kwa haki kuna adabu zake. Mmiminaji awe mtu mwingine, na chupa zifichwe. Bilauri zitiwe nambari, ziwe nyembamba mdomoni ili harufu isitawanyike. Ile yenye nguvu izimuliwe kwa maji hadi zilingane, isije moja ikatambulikana kwa moto wake. Pua itangulie, midomo ikiwa imefunguka kidogo ili kilevi kisiichome. Kisha funda dogo, lizungushwe juu ya ulimi na pembeni mwa meno, likae, literemke au litemwe. Na baada ya hapo mwonjaji anyamaze na kusubiri, maana mwisho wa kinywaji husema mengi kuliko mwanzo wake.

Nini hukutwa? Katika Old Grand-Dad ya dhamana, hata baada ya kuzimuliwa, hutangulia harufu ya karanga zilizokaangwa, ambayo ni alama ya nyumba ya Beam, na sukari iliyoungua kwenye sufuria, na ganda la chungwa. Mdomoni utamu wa mahindi huja mwanzo, mfupi, kisha rai huupokonya usukani: pilipili manga, mdalasini, na karafuu iliyo kavu kabisa. Mwishoni mwaloni huacha ukakasi mwembamba kwenye ufizi, na ukali wa viungo hukaa kwa muda. Si kinywaji kisicho na ila. Kina uchanga fulani puani, na zile karanga mara nyingine huelemea hata zikanuka ghala. Chupa ya ukanda, nayo, ina asali na chai hafifu, viungo vyake vinasikika kama kwa mbali, na mwisho wake hukatika mapema. Ni kinywaji cha adabu, kisichomuudhi mtu. Lakini kati ya hizo mbili, iliyo na neno la kusema ni ile ya chungwa, na mwenye kuhukumu kwa kuonja asione haya kulitamka hilo kwa kuwa bei imesema kinyume.

Kwa nini basi mahakimu wasiseme? Jibu la kwanza ni kwamba macho huuhadaa ulimi, na jambo hilo limethibitishwa kwa majaribio. Mwaka 2001 zilichapishwa habari za jaribio la Bordeaux, Ufaransa, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu 20 mvinyo mmoja mara mbili, mara ya kwanza wakauambiwa ni wa dola 5 na mara ya pili ni wa dola 45. Hawakusema tu kwamba wa dola 45 ni mtamu zaidi. Vipimo vya ubongo vilionyesha sehemu inayohusika na kuburudika ikifanya kazi zaidi. Yaani hawakuwa wakisema uongo. Bei ilikuwa imeingia ndani ya ladha yenyewe, kama chumvi iingiavyo katika mchuzi. Na pale bei na majina yalipofichwa kwa dhati, kama Paris mwaka 1976, waonjaji wa Kifaransa waliiweka mvinyo ya California mbele ya ile mashuhuri ya nchi yao, wakashangazwa na mikono yao wenyewe.

Kwa hiyo hakimu anayeandika hukumu ya burboni huku chupa imemkabili, na bei anaijua, na mwenye kiwanda ndiye aliyempelekea chupa hiyo, hana haja ya kuwa mwovu ili akose. Inatosha kuwa na macho. Kosa lake ni kwamba anayajua hayo, au anapaswa kuyajua, na bado hazifuniki chupa.

Jibu la pili ni ufukara wa maneno, na hapa kesi inawahusu watu wa lugha moja kwa moja. Neno kuu la sifa katika ulimwengu wa wiski ni lile ambalo mfasiri wa haraka hulitia kwa Kiswahili kuwa "laini". Kinywaji laini, wanasema, wamemaliza. Lakini ulaini ni sifa ya hariri na ya shavu la mtoto. Kuusifu mchuzi kwa ulaini ni kukiri kwamba hauna chumvi wala ndimu. Maji ni laini kuliko burboni yoyote, na hakuna aliyeyapa medali. Neno hilo halielezi kilichomo. Laeleza kisichokuwamo, yaani kwamba mnywaji hakusumbuliwa. Kila hakimu anapolitumia kama kilele cha sifa, burboni ya rai nyingi inakuwa imeshindwa kabla ya kumiminwa, kwa kuwa kazi ya rai ni kusumbua. Nafaka hiyo imetiwa ili iwashe. Kuilaumu kwa kuwasha ni sawa na kuilaumu pilipili kwa kuwa si tango.

Neno la pili linaloficha uvivu ni "viungo". Hukumu nyingi za Kentucky husema kinywaji kina "viungo vya kuokea", basi. Viungo gani? Mpishi wa pilau wa Unguja akiulizwa kilichomo katika sufuria yake hatajibu "viungo". Angechekwa na majirani. Atasema karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari nyembamba, na atajua kama karafuu ni ya msimu huu au ni ya ghalani. Ulimi wa mwambao umezoezwa kupambanua, na Kiswahili kimeupa silaha: ukali si uchungu, uchungu si ukakasi, uchachu si ugwadu, kuna kuwasha kwa ulimini na kuna kukereketa kwa kooni. Ukakasi hasa ni neno ambalo waonjaji wangelipa fedha kulipata. Ndilo lile la ndizi mbichi na la bibo lisiloiva, nalo ndilo hasa linaloachwa na mwaloni uliozidi.

Na si kwa maneno tu kwamba mwambao una haki ya kusikilizwa. Ile karafuu ya kwenye burboni si tashbihi ya mshairi. Mwaloni unapounguzwa hutoa, miongoni mwa mambo mengi, kitu kiitwacho yujenoli, na hicho ndicho hicho kinachoipa karafuu harufu yake. Jina lenyewe limetokana na jina la zamani la kitaalamu la mkarafuu. Mwaloni huo huo hutoa vanilini, iliyo roho ya vanila, na vitu vingine vinavyonuka nazi. Karafuu, vanila, nazi! Mzee wa Pemba ambaye hajagusa kileo maishani mwake, aliyelala usiku wa mavuno pembeni mwa majamvi yaliyoanikwa karafuu, ana ujuzi wa nusu ya harufu hizo kuliko hakimu wa Louisville aliyezijua kwa kopo la jikoni. Basi tafsiri ya hukumu hizo isifanywe kwa unyonge, kwa kunakili "laini" na "viungo" kana kwamba Kiswahili ni ombaomba mlangoni. Katika mlango huu Kiswahili ndicho chenye kapu.

Ama umri, huo nao umefanywa sanamu. Kentucky ina majira ya joto kali na ya baridi kali. Joto likizidi, kinywaji hutanuka na kuingia ndani ya mbao, na baridi ikija hujikunyata na kutoka kikibeba rangi na ladha. Kila mwaka sehemu yake hutoweka hewani, nao huiita fungu la malaika. Kwa kuwa pipa ni jipya na limeunguzwa, mbao hutoa haraka. Na kinachotoka haraka huweza kuzidi. Burboni iliyolazwa kupita kiasi hugeuka maji ya gome: ukakasi mtupu, utamu umekufa. Miaka minne au sita inaweza kuwa bora kuliko ishirini, kama vile embe linavyoweza kuwa bora leo kuliko wiki ijayo. Lakini sokoni namba kubwa hushinda namba ndogo, na watu hulipa maelfu ya dola kwa chupa ya Pappy Van Winkle ambayo wengi wao hawataifungua kamwe. Chupa isiyofunguliwa haina ladha. Ina bei tu, na hapo ndipo imani hii inapofika mwisho wake wa kimantiki: ladha imeondolewa kabisa, hakuna aliyeulizia iko wapi.

Jina nalo hudanganya kwa pande zote mbili. Four Roses ni kinywaji cha Kentucky chenye mapishi mawili ya nafaka, moja lina rai sehemu 20 na jingine 35. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wenye mali, kampuni ya Seagram, waliiondoa burboni hiyo halisi katika soko la Marekani wakawa wanaiuza Ulaya na Japani. Nyumbani, kwa jina lile lile, wakauza mchanganyiko wa daraja la chini. Wamarekani wakalidharau jina. Kwa miaka arubaini hivi, mtu wa Kentucky aliweza kuishi jirani na kiwanda, kinywaji kizuri kikapita mbele ya mlango wake kwenda kupakiwa melini, naye akasema, "Hicho hakifai." Kampuni ya Kirin ya Japani ilipokinunua kiwanda mwaka 2002, ile halisi ilirudi nyumbani, na dharau ikachukua miaka kuisha. Kinywaji hakikuwa kimebadilika. Kilichokuwa kimehukumiwa ni jina.

Mpinzani wa mwisho ni yule mpole asemaye kwamba kila mtu ana ladha yake, kwa hiyo ubishi wote huu ni bure. Upole wake ni wa hatari kuliko ukali wa wengine, kwa kuwa unavunja mahakama yenyewe. Kupenda ni haki ya kila mtu na hakuhitaji hoja. Kuhukumu ni kazi, na huhitaji hoja. Mtu aweza kuipenda chupa ya ukanda kwa kuwa alipewa siku ya harusi yake, na hakuna wa kumlaumu. Akisema ni bora, ameingia barazani, naye ataulizwa: bora kwa lipi, ilionjwa pamoja na nini, na bei ulikuwa umeijua? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu arudi kwenye kupenda, akae kwa amani.

Wala haisemwi kwamba kila cha bei ndogo ni kizuri. Hiyo ni imani ile ile iliyovaliwa kinyume, na mwenye kuishika anasoma bei kama mwenzake, ila anaisoma toka chini. Zipo burboni za bei ndogo zilizo chungu na tupu. Hata Old Grand-Dad yenyewe, ile ya asilimia 40, ni kivuli cha ndugu yake wa dhamana. Zipo za bei kubwa zinazostahiki kila senti. Kinachodaiwa ni kwamba zote zipite mlango mmoja, zikiwa zimefunikwa.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuambiwa kwa nini kesi hii imeletwa mbele yao. Diwani hupokewa kwa jalada, mtunzi kwa nishani alizokwishapewa, na shairi la mtu wa shamba asiyejulikana husomwa kwa jicho moja, tena mwisho wa siku, hakimu akiwa amechoka. Beti zisizomsumbua mtu husifiwa kwa kutiririka. Zile zenye rai ndani yake, rai ya maoni safari hii, huambiwa zina ukali. Mashindano yafichayo majina ya watunzi ni machache, na yale yasiyoyaficha hushangaa kwa nini washindi ni wale wale kila mwaka.

Dawa haina gharama. Jina lifunikwe, nambari iandikwe, na hakimu asome kwa sauti hadi mwisho, kisha akae kimya aone kinachobaki ulimini. Akikuta kwamba kilichobaki ni kile cha rafu ya chini, na ainame akichukue.